Injini ya Zizi la Bukuru

Siku Moris iliporudi kutoka vitani, Xavery alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, anachambua maharage ya mbegu. Lori la jeshi lilisimama barabarani. Askari waliiteremsha hiyo Moris, gari dogo la Xavery, kwa mbao mbili, wakaisukuma hadi karibu na choo, na mmoja wao, kijana mwenye adabu zake, akampa Xavery shikamoo na kumshukuru kwa niaba ya taifa zima. Kisha wakaenda zao. Xavery alimaliza maharage kwanza, maana kulikuwa na wingu upande wa Runazi. Alipomaliza akainua boneti. Injini haikuwamo. Mlikuwa na kuku mgeni amelalia mayai, naye hakupenda kusumbuliwa.

Xavery akashusha boneti polepole, akaenda ofisini.

Katibu wa kijiji cha Rwamihanda aliitwa Kazimili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na hakupata kumfokea mtu hata siku moja, maana hakuwa na haja. Alimkaribisha Xavery kiti. Akamweleza kwamba injini ilifika mbele sana, ikapigana vizuri, na nduli alipokimbia ikajitolea kubaki kulekule ili kuwasaidia ndugu zetu kujenga nchi yao.

“Gari lilikwenda zima, Ndugu Katibu,” alisema Xavery.

“Na limerudi zima, Mzee. Kilichobaki ni injini tu.”

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyojumlisha. Mtu wa jembe akikosea hesabu, hulala na njaa. Mkubwa akikosea, wewe ndiye unayelala na njaa, na asubuhi unaitwa mkutanoni kumpigia makofi.

Ile Moris Xavery aliachiwa na padre mmoja mzungu ambaye yeye alimwendesha miaka mingi, siku padre alipopanda ndege kurudi kwao kufa. Kijiji kizima kilikuwa na magari mawili: hiyo Moris, na pikapu ya kijiji ambayo Katibu alilala na ufunguo wake. Vita vilipoanza mwaka uliotangulia, ikaja amri ya kuchangia chombo cha usafiri. Katibu aliyatazama magari yote mawili kwa muda, akaona pikapu inahitajika sana kwa maendeleo. Moris ikaenda vitani. Mwezi uleule Melania, mke wa Xavery, akashikwa na tumbo. Pikapu siku hiyo ilikuwa imefuata kreti za bia za kuwaaga mgambo, kwa hiyo wanaume walimbeba Melania kwenye machela, na alikata roho kabla hawajayaona mabati ya hospitali ya Biharamulo. Mazishini Katibu alisoma risala nzuri. Tangu hapo Xavery alikuwa na neno moja tu kuhusu wakubwa, na neno lenyewe hakulitamka mbele ya wanawake.

Sasa alibaki na binti yake Restituta. Restituta alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe, Bernardo, alikuwa Uganda na mgambo. Vita vilikuwa vimekwisha lakini hakuna aliyekumbuka kuwaambia warudi. Katika ukoo wa Melania wanawake huzaa kwa taabu. Shangazi zake wawili walifia njiani, mmoja akienda, mwingine akirudi. Xavery hakuwa msomi, alifika darasa la tatu akaacha kwa sababu ya ndui, lakini hilo hakuhitaji kufundishwa. Alijiapiza kwamba binti yake hatabebwa na watu. Atabebwa na gari, na gari lenyewe litakuwa lake, halina ufunguo mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo ilimpasa kutia injini nyingine. Hakuwahi kufanya kazi hiyo. Alijua kuendesha, kuosha na kusukuma. Fundi pekee wa wilaya nzima alikuwa amepelekwa vitani kutengeneza vifaru, na habari zilisema amepata mke Masaka. Wa kumfundisha hakuwapo, na injini ya kutia haikuwapo pia. Ndipo dereva wa lori la maharage alipomwambia kwamba Ngara, bondeni upande wa mpakani, kuna Mrundi mmoja ana injini zizini.

Mrundi huyo alikuwa Bukuru, na Xavery alimfahamu kwa jina. Mwaka wa sabini na mbili, Bukuru alipovuka mpaka na mkewe Odeta, Melania alikuwa kwao Ngara kwenye msiba wa baba yake. Aliwakuta wamekaa chini ya mgomba, wamelowa. Aliwapa jembe la marehemu, na mihogo ya siku kadhaa, na kibanda cha mbuzi walale. Kwa hiyo Xavery alipofika akiwa na vumbi la lori mpaka kwenye kope, Bukuru alimwita shemeji, akamwangukia begani kumlilia Melania, na Odeta akaleta pombe ya ndizi na mirija miwili.

Injini ilikuwa zizini kweli, katikati ya ng'ombe wa pembe ndefu, imefungwa kamba mguuni. Ilikuwa imeshika kutu nzuri nyekundu, na kwa sababu hiyo waliiita Bihogo, jina ambalo kwa lugha yao hupewa ng'ombe mwekundu. Bukuru alieleza jinsi alivyoipata. Huko kwao alikuwa mchungaji wa tajiri mmoja. Siku mabaya yalipotokea, tajiri aliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na alipochungulia zizini kitu pekee kilichobaki chenye joto kilikuwa hiyo injini. Wengine walivuka mto Ruvubu na ndama wao. Yeye akavuka na Bihogo, akiifunika kanzu isipigwe na baridi.

Xavery aliuliza bei. Bukuru akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake na mtoto asiyejua.

“Shemeji, hii haiuzwi,” alisema. “Inagawiwa.”

Akamweleza utaratibu, na utaratibu ulikuwa uleule wa ng'ombe. Mwenye mali hutamka mbele ya watu kwamba amegawa, na kinywa kikishagawa hakirudi nyuma. Aliyepokea hushukuru kwa sauti, kila mtu asikie, humsifu aliyempa, na humtunza mnyama. Mnyama akizaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo hurudi kwenye zizi alikotoka mama yake. Xavery aliitikia kila neno kama watu walivyokuwa wakiitikia misa ya Kilatini: kwa heshima, bila kuelewa. Majirani wakaitwa. Bukuru akagawa. Xavery akashukuru. Odeta akampa kibuyu cha samli cha kusindikizia, na Bukuru akaongeza kwamba Bihogo hunywa maji ya chumvi na haipendi kupigwa.

Injini ikaja Rwamihanda juu ya maharage.

Kazi ya kuitia ilichukua muda mrefu kuliko Xavery alivyodhani, kama inavyokuwa kwa kila anayeanza. Alisimamisha magogo matatu ya mkaratusi juu ya Moris, akayafunga vichwa, akapitisha kamba ya ngozi. Spana alikuwa nayo moja, na haikutosha nati yoyote ila ya gurudumu la akiba. Nyingine alifungua kwa ncha ya jembe na kwa subira. Yule kuku alihamishwa na mayai yake. Wanaume wa jirani walivuta kamba, Bihogo ikapaa, ikazunguka hewani ikitazama kijiji, ikashuka mahali pake. Hapo ndipo ilipogoma. Injini haikutaka kuingia kwenye giaboksi. Mhimili wa giaboksi ulikuwa hapa na tundu la klachi lilikuwa pale, na kati yao palikuwa na nafasi ya kidole ambayo haikuzibika kwa kusukuma, wala kwa kutukana, wala kwa rozari.

Wakamwita Theonest, bwana mifugo, kwa kuwa katika kijiji kile ni yeye pekee aliyezoea kuingiza na kutoa vitu. Theonest alivua shati, akaosha mikono kwa sabuni, akapaka samli hadi kwenye kiwiko, akapitisha mkono kwa nyuma. Alitafuta kwa muda macho yakiwa juu, kama wafanyavyo.

“Imejikaza tu,” alisema. “Mkuneni kwenye shina la mkia.”

Xavery akakuna mahali alipodhani ndipo. Injini ikashusha pumzi, ikasogea, ikaingia yote kwa mlio mmoja laini. Mikono ya kuishikilia haikulingana na Moris, maana Bihogo ilizaliwa kwa gari la kabila lingine, basi wakaikaza kwa vipande vya mvule na kamba za ngozi mbichi, ambazo zilipokauka zilibana kuliko bolti.

Kosa, kwa macho ya fundi, Xavery alilifanya mwishoni. Oili haikuwapo dukani tangu vita vianze. Oili yote ilikuwa inanywewa na taifa. Mtu mwingine angengoja. Xavery alikitazama kile kibuyu cha Odeta, ambacho kilikuwa cha kuipaka injini usoni, kama apakwavyo bibi harusi anapoingizwa nyumbani, akafungua kifuniko cha oili na kumimina samli yote ndani. Petroli nayo ilikuwa kwa kibali, na kibali kilikuwa kwa Katibu, kwa hiyo tangini alitia maji ya chumvi. Akazungusha hendeli. Bihogo ikawaka mara ya kwanza, ikanguruma kwa sauti nzito ya kifuani, na ua mzima ukanukia samli ya moto. Watoto wa jirani wakaona njaa.

Xavery aliendesha hadi kisimani na kurudi, Restituta akiwa kiti cha nyuma, mikono juu ya tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi watu kumwona ana meno.

Haikupita muda injini ikaanza kuchagua maji na kuhema mlimani. Xavery akamwita Theonest tena. Theonest alisikiliza kwa sikio, akabonyeza hapa na pale, akasema ina mimba, na si changa. Hakuna aliyeshangaa, ilikaa na madume zizini tangu mwaka wa sabini na mbili, ilitegemewa nini. Kilichowasikitisha watu ni kwamba kwa kanuni za mifugo mnyama wa namna hiyo hatakiwi kupandishwa milima, na barabara ya Biharamulo ni milima mitupu. Bernadetha, mkunga wa kijiji, alipima matumbo yote mawili, la Restituta na la Moris, akasema la Moris litatangulia.

Likatangulia kweli. Asubuhi moja Xavery alitoka na mswaki mdomoni, akamkuta ndama chini ya gari. Alikuwa injini ndogo ya silinda moja, kimo cha sufuria ya ugali, ametapakaa samli, anajaribu kusimama. Alianguka, akajaribu tena, akasimama, akalia tu-tu-tu, akaenda moja kwa moja kwenye bolti ya kumwagia oili na kuanza kunyonya. Theonest alimgeuza, akatangaza kuwa ni jike. Kabla ya saa ya chai Xavery alikuwa ameshampa habari dereva wa lori la maharage, amfikishie Bukuru kwamba ndama wake amezaliwa na aje na kamba mpya.

Lakini habari njema husikiwa kwanza na asiyehusika. Bukuru akiwa bado hajafika, Katibu alikuja, na nyuma yake mgambo Mayunga ameshika kamba. Katibu alimpongeza Xavery kwa uzalishaji. Kisha akaeleza kwa upole kwamba tangu tulipohamishiwa vijijini, ongezeko lolote la mifugo ni ongezeko la kijiji, na kwamba mgeni mkubwa anakuja kukishukuru kijiji kwa mchango wake vitani, na si vizuri kumwonyesha mgeni maharage peke yake.

“Huyu ana mwenyewe, Ndugu Katibu,” alisema Xavery. “Ni wa Bukuru wa Ngara. Ndiyo mila.”

“Bukuru ni mgeni wetu, Mzee. Mgeni hana mifugo. Ana ukarimu wetu.”

Mayunga akamfunga ndama kamba. Ndama alilia njia nzima. Moris ilimfuata kwa macho ya taa zake hadi alipopotea kwenye kona ya duka, na kuanzia hapo haikuwaka. Xavery alizungusha hendeli mpaka mabega yakavimba. Aliibembeleza, aliipa maji ya chumvi, aliikuna. Ilitoa sauti nyembamba tu, na matone ya samli yakidondoka chini bila mnyonyaji.

Restituta alishikwa na uchungu siku ya mkutano wa kamati, jua likiwa utosini. Bernadetha aliingia ndani na alipotoka hakumtazama Xavery usoni. Mtoto alikuwa amelala kiubavu. Alisema yeye anajua kupokea mtoto anayekuja, huyu haji; hapa ni kisu cha daktari, na ni leo.

Xavery akaenda ofisini kwa miguu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hadi ajenda ya usafi wa vyoo ilipoisha. Akaomba pikapu. Katibu alisikitika sana. Pikapu ilikuwa imekwenda kumchukulia mgeni godoro. Akaomba basi ndama, kwa saa moja tu, mama yake amwone, awake. Katibu akasema jambo hilo ni zito, litahitaji kikao, na kikao kilikuwa kimeshaanza na mambo mengine.

Njiani kurudi Xavery alilisema lile neno lake kwa sauti, na wanawake walikuwapo.

Theonest alimkuta uani ameshika kichwa. Akamkumbusha kitu ambacho kila mfugaji anakijua na serikali haikifundishi: ng'ombe aliyefiwa na ndama huchuniwa ndama huyo, ngozi ikajazwa majani, akawekewa mbele, naye hulamba akatoa maziwa. Ngozi hawakuwa nayo. Walichukua debe kuukuu, wakalijaza majani makavu, wakalitia miguu mitatu ya kuni, wakalisugua kwa udongo wa mahali ndama alipolala, ambao bado ulikuwa na harufu yake. Theonest alilishika mbele ya Moris, kimo cha taa. Moris ilinusa. Ilikaa. Ikanusa tena. Xavery akazungusha hendeli kwa wasiwasi, na Bihogo ikanguruma.

Wakamlaza Restituta kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Bernadetha. Theonest akapanda juu ya boneti, akakumbatia debe ili injini iendelee kuliona. Hivyo ndivyo walivyotoka, na watu waliokutana nao njiani walimwamkia Xavery kama kawaida, wakampa pole Restituta, wakamwambia Theonest ashike vizuri.

Rwamihanda ina barabara moja tu, na barabara hiyo inapita mbele ya ofisi. Wakubwa hupenda hivyo. Ndama alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa bendera, na utepe mwekundu shingoni kwa ajili ya mgeni. Alisikia mngurumo wa mama yake kabla hawajaonekana. Akalia tu-tu-tu. Moris ikasimama, ikalitazama lile debe mikononi mwa Theonest kama mtu anayeshtukia noti bandia, ikapinda yenyewe. Xavery alivuta usukani kwa nguvu zake zote na haikumsikiliza. Ilivuka mawe yaliyopakwa chokaa, ikakanyaga bustani ya maua, ikaenda kusimama mlingotini. Ndama akaingia chini, akaanza kunyonya.

Kamati yote ikatoka nje. Katibu aliikagua Moris polepole, akizunguka, mikono nyuma.

“Imekuja yenyewe,” aliwaambia wajumbe. “Mmeona wote. Hakuna aliyeivuta.”

Xavery alitelemka. Alisema yale ambayo baba yeyote angesema. Alisema binti anakufa, alisema mfungueni ndama atangulie barabarani, mama yake atamfuata hadi hospitali, ndama atarudishwa, yeye mwenyewe atafungwa mlingotini kama dhamana wakitaka. Theonest na Bernadetha walisema pia. Bernadetha alisema kwa namna ambayo wajumbe wawili walitazama viatu vyao.

Katibu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ndiye mtu wa mwisho kumzuia mama mzazi, mwenyewe alizaliwa na mama. Tatizo si yeye, tatizo ni utaratibu: ndama ni mali ya kijiji, na mali ya kijiji haiwezi kutoka kwenye mlingoti ikifuatana na gari la mtu binafsi. Ingekuwa gari nalo ni la ofisi, hapo mama na mtoto wangekuwa wa mwenyewe mmoja, na hakuna kanuni ambayo ingevunjika.

“Mimi sisemi utoe, Mzee. Mimi nasema tu kanuni ilivyo.”

“Chukua,” alisema Xavery. “Chukua gari. Mfungue.”

“Si hivyo. Useme kwa mila yenu, mbele ya watu. Baadaye msije mkasema Katibu kanyang'anya.”

Kwenye kiti cha nyuma Restituta alikuwa ameiuma kanga, hatoi sauti, na macho yake yalikuwa yanatazama paa la gari kama paa la nyumba ya mtu asiyemjua. Xavery aliliona jicho lile. Aliwahi kuliona mara moja, kwenye machela. Akavua kofia. Akageuka upande wa wajumbe, akasema kwa sauti ya kusikika:

“Mimi Xavery namgawia Kazimili ng'ombe wangu Bihogo, pamoja na nyumba anamokaa. Ampe chumvi. Asimpige.”

Wajumbe wakaitikia kwamba wamesikia. Mayunga akainama kuifungua kamba, lakini Katibu alimwinulia kidole kidogo. Alikuwa bado anangoja. Alisema kwamba alivyoelezwa, mila hiyo ina maneno ya shukrani pia, na hajayasikia. Kwa mila, mpokeaji ndiye anayeshukuru. Kila mtu pale aliyezaliwa karibu na zizi alilijua hilo. Katibu alikuwa ameielewa mila kwa kinyume, kama alivyoelewa mambo mengi, na alisimama katikati ya maua yaliyokanyagwa, uso wake wa upole umeinamishwa kidogo kumwelekea Xavery, akisubiri kushukuriwa. Hakuna aliyemsahihisha. Kumsahihisha kungehitaji kikao.

Restituta akaiachia kanga, akapiga ukelele mmoja.

Xavery akashukuru. Alishukuru kwa sauti, kila mtu akasikia. Alimsifu Kazimili kwa ukoo wake, kwa mkono wake usiofumba, kwa kivuli chake ambacho wanyonge hupumzikia, kama Bukuru alivyostahili kusifiwa na kama alivyomsifu siku ile bondeni Ngara. Alipomaliza, wajumbe walipiga makofi, kwa mazoea.

Ndama akafunguliwa. Akatoka mbio akielekea Biharamulo, maana upande ule barabara huanza kwa mteremko, na ndama wote hupenda mteremko. Moris ikamfuata. Katibu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kwa kuwa gari ni lake, na Xavery akakaa kwenye usukani, kwa kuwa lazima mtu akae. Theonest alibaki ofisini na debe lake, na baadaye alitakiwa aeleze bustani ya maua.

Safari ilikwenda vizuri. Milima ambayo ilikuwa ikihofiwa Bihogo iliipanda bila kuhema, na ndama mbele yake, utepe ukipepea. Mahali fulani Katibu aliagiza wasimame kidogo amsalimie shemeji yake mwenye klabu ya pombe. Moris haikusimama. Katibu aliipigapiga dashibodi kwa kiganja, na hilo halikusaidia, akasema ni gari zuri ila linahitaji malezi. Nyuma Bernadetha alikuwa akiongea na tumbo la Restituta kwa Kisubi, taratibu, kama unavyomwita mbuzi aliyeingia kichakani.

Walifika jua likiwa bado lipo. Wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu. Walimpisha ndama aliyekuwa katikati ya njia, wakamchukua Restituta ndani, na mlango ukafungwa. Katibu hakutelemka. Alisema kamati inamsubiri, akahamia kwenye usukani, akakata fimbo ya mkaratusi kupitia dirishani. Xavery alimsikia akiondoka, na tu-tu-tu ya ndama mbele yake. Alisikia na fimbo.

Alikaa kwenye benchi la korido. Alijaribu kufikiri atamwambia nini Bukuru atakapokuja na kamba yake mpya. Ndama wa kwanza hakurudi zizini kwao, na mama yake ametolewa kwa kinywa, na kinywa hakirudi nyuma. Bukuru atamwelewa. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba Bukuru atamwelewa upesi, bila kuelezwa mara mbili, kama mtu anayesikia habari za kwao.

Muuguzi alitoka taa zikiwa zimeshawashwa. Jina lake lilikuwa Koleta, mama wa makamo, amechoka, mikono yake ina harufu ya dawa. Alimwambia kwamba binti yake yuko hai. Mtoto pia, wa kike, mkubwa, na amelia mara moja tu kisha akalala. Alisema wangechelewa kidogo tu, angekuwa anamwambia habari nyingine. Xavery akaitikia kwa kichwa.

“Mmemleta na nini, Mzee, kutoka huko kwenu?” aliuliza Koleta. “Siku hizi hakuna usafiri kabisa.”

Xavery alifikiri. Kinywa kikishagawa kimegawa.

“Na gari la Katibu,” alisema.

“Ana moyo huyo,” alisema Koleta. “Wengine hawatoi. Mfikie umshukuru.”

“Nimeshamshukuru,” alisema Xavery.